Usaili Hauhitaji Shahidi

Suji, Jumanne jioni

Kwako Namkunda,

Najua uko chumba cha pili. Nakusikia kabisa unavyobishana na mama yako kuhusu lile sweta zito, wewe ukisema Arusha si Ulaya, yeye akisema Arusha kuna baridi na wewe siku hizi huambiliki. Ningeweza kunyanyuka nikaja kukwambia haya kwa mdomo. Lakini unanijua. Nikianza kusema jambo zito nakohoa, nazunguka, naishia kuuliza kama mbuzi wamefungwa. Nikishika kalamu nakuwa mtu mwingine. Miaka ishirini na mitatu nimekuwa karani wa baraza la kata, nimeandika ugomvi wa mipaka, wa migomba, hadi wa kuku aliyetaga kwa jirani na jirani akadai mayai ni yake. Ya watu nimeyaandika yote. La moyoni mwangu sijaandika hata moja, mpaka leo.

Sitakwambia uchunge begi wala usile vya barabarani. Hayo mama yako ameshayasema na ataendelea kuyasema mpaka gari liondoke. Mimi nataka tuzungumze habari ya usaili wako wa keshokutwa, maana kuna jambo nimekudanganya, na nikikuacha uondoke nalo sitakuwa na amani.

Nianzie Jumapili, tulipofanya usaili wa majaribio hapa sebuleni. Barua ya chuo ilikuwa imeshasema wazi kwamba alama zako zimetosha kukuita, hazijatosha kukuingiza. Watakaa watu watatu mezani, watakuuliza maswali, watakupa kisu kidogo na kipande cha sabuni uchonge jino waione mikono yako, halafu wataamua. Atakayepita anaanza masomo wiki hiyohiyo, ndiyo maana sanduku lako limejaa na mama yako ana macho mekundu anasingizia vitunguu. Kwenye sabuni sina wasiwasi. Tangu barua ifike hakuna kipande kizima humu ndani, bibi yako ameoga wiki mbili kwa gego la chini la kushoto na anasema linateleza vizuri.

Jopo letu la Jumapili unalikumbuka. Babu yako Zefania, baba yangu mdogo, alikuwa mwenyekiti kwa sababu alijiteua mwenyewe. Mama yako alikuwa katibu. Bibi yako alikuwa mjumbe, na mimi nilisimama nyuma kama kocha wa mpira. Ulibisha hodi, ukawaamkia mmoja mmoja, shikamoo babu, shikamoo bibi, safi kabisa. Babu yako akavaa ile miwani yake iliyobakiwa na kioo kimoja, akakohoa.

"Mwombaji," akasema, "mwili una mambo mengi. Kuna moyo, kuna figo, kuna miguu. Kwa nini uhangaike na meno?"

Nawe ukajibu lile jibu nililokuandikia mimi kwenye karatasi. "Nina ari ya kuihudumia jamii yangu na taifa kwa ujumla katika sekta ya afya ya kinywa na meno." Hukukosea hata nukta. Ila ulilisema ukiwa umeuweka mkono wa kulia mbele ya mdomo.

"Hatusikii," akasema babu.

Ukarudia. Mkono uleule, mahali palepale.

"Hebu toa mkono, mjukuu wangu," akasema bibi yako. "Utatibuje vinywa vya watu na chako umekifunga hivyo?"

Ukacheka, na ulipocheka mkono ukazidi kubana. Ndipo ukanigeukia. "Baba, hivi kwa nini mimi huwa naficha mdomo? Hata picha za shule, zote nimefumba."

Nikakujibu kuwa ni heshima. Nikasema watoto wa kike wa Kipare waliolelewa vizuri ndivyo walivyo. Mama yako aliniangalia, akanyanyuka, akaenda jikoni kupakua makande ambayo yalikuwa yameshapakuliwa, yako mezani, yanapoa. Bibi yako akatazama dari. Babu Zefania peke yake ndiye aliyeniunga mkono, na huyu mzee huniunga mkono siku ambazo nimekosea tu.

Ule ulikuwa uongo, mwanangu. Nitaufikia. Ila kwanza nikwambie jambo ambalo hujawahi kulisikia, na nimewakataza watu wa nyumba hii wasilitaje. Baba yako naye aliwahi kuitwa kwenye usaili wa meno.

Usicheke bado. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Chuo chenyewe sikitaji, kisije kikanishitaki. Kilikuwa kinafundisha watabibu wa meno, na barua yao ilisema nifike mbele ya jopo saa tatu asubuhi. Sasa jiweke mahali pangu. Mtu umezaliwa Suji, umelelewa na babu aliyekuwa na kesi tatu kwa wakati mmoja na akazifurahia zote. Huku kwetu ukiitwa mbele ya watu watatu waliokaa nyuma ya meza huendi mikono mitupu. Unakwenda na mashahidi. Hakuna aliyeniambia vinginevyo, na mimi sikuona haja ya kuuliza jambo ninalolijua.

Nikaenda na wawili. Wa kwanza ni huyuhuyu Zefania, wakati huo bado ana nywele. Wa pili ni jirani yetu wa ng'ambo ya mto, mzee Elinaza, Mungu amrehemu. Elinaza alihitajika kwa sababu shahidi wa ukoo peke yake hatoshi, upande wa pili unaweza kusema mmepanga. Upande wa pili ulikuwa nani, hatukujiuliza. Tulishuka mlimani watatu, makoti yamepigwa pasi, Elinaza amebeba fimbo yake na chupa ya chai, na njia nzima Zefania ananisahihisha namna ya kuapa.

Jina langu likaitwa. Tukaingia watatu.

Mezani walikuwa wanaume wawili na mama mmoja, daktari, mtu wa makamo, mpole wa sura. Yule mama akatuangalia, akaangalia karatasi yake, akatuangalia tena. "Mwombaji ni yupi?"

"Mimi."

"Na hawa wazee?"

"Mashahidi wangu."

"Mashahidi wa nini, kijana?"

"Wa maneno nitakayoyasema," nikajibu, na nikaona nimejibu vizuri sana.

Nadhani walituacha tukae kwa mshangao tu. Yule mama akauliza, kwa nini nimechagua meno. Kabla sijafungua mdomo Zefania ameshanyoosha mkono. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba nianze mimi, kwa sababu nilikuwepo." Akasimulia habari zangu tangu kuzaliwa. Alipofika darasa la tatu wakamwomba anyamaze. Wakaniuliza tena, safari hii mimi. Nikasema nina moyo wa kusaidia watu, kisha nikageuka nyuma nikamuuliza Elinaza, "Ni kweli au si kweli?" Elinaza akasimama, akavua kofia, akasema ni kweli tupu.

Bado ningeweza kupona. Lakini mmoja wa wale wanaume akaniuliza, "Tuambie kosa moja ulilowahi kulifanya, na ulijifunza nini." Swali hilo litakuja hata kwako, hawaliachi. Mimi nikaona mtego. Tangu lini mtu akakiri kosa mbele ya meza? Nikasema sijawahi kufanya kosa. Na ili mambo yakae sawa nikamwita Elinaza athibitishe.

Elinaza, marehemu, alikuwa mtu mmoja mkweli kupita kiasi. Akafikiri. Akasema, "Liko moja. Alifungulia ng'ombe wa baba yake wakaingia kwenye maharage yangu."

Nikasahau niko wapi. Kweli nakwambia, nikasahau. Nikasimama nikamuuliza ana ushahidi gani kwamba ng'ombe wale walikuwa wetu. Akasema mmoja alikuwa na pembe iliyopinda. Zefania akaruka kwamba pembe zilizopinda Suji nzima ziko ngapi, na maharage yenyewe yalikuwa yamepandwa nje ya mpaka. Elinaza akauliza mpaka upi, ule aliousogeza nani? Mbele ya jopo la madaktari, mwanangu! Wazee wawili wamesimama wananyoosheana fimbo, mimi niko katikati namhoji shahidi niliyemleta mwenyewe. Chai ikamwagika. Yule mama daktari akaweka kalamu chini taratibu, akaikunja miwani.

Tulipokuwa tunatolewa aliniita nirudi kidogo, peke yangu. Hakuwa amekasirika. Akasema, "Kijana, tulikuita wewe. Tulitaka kukusikia wewe."

Nikalia kwenye basi. Si sana, kiasi cha kuona aibu. Nyuma yangu wale wawili wanaendelea na maharage mpaka tunafika. Kesi ikaenda barazani kweli, karani akawa anaumwa, wakanitafuta mimi niandike kwa sababu nina mwandiko mzuri. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi inayokulisha. Niliandika kesi ya ng'ombe wetu wenyewe, tukashindwa, na hukumu nikaisoma kwa sauti yangu.

Miaka mingi niliona wale watu walinionea. Nikawa nasema, cheti changu walikiona, alama walikuwa nazo, walitaka nini tena, kuniangalia sura? Nilipokuwa mtu mzima nikapata jino bovu, lile ambalo wewe ulinilazimisha nikang'olewe Same. Ulikuwa kidato cha tatu. Nililala kwenye kile kiti, mdomo wazi, taa usoni, mikono ya mtu imo ndani mpaka kwenye koo. Na yule bwana ananiuliza eti baraza linaendeleaje. Mimi, mtu wa Suji, nimeulizwa swali na siwezi kubisha! Sijawahi kuogopa vile. Hapo ndipo nilipoelewa wale watatu walikuwa wanatafuta nini. Alama zinaonyesha unajua mizizi ya jino iko mingapi. Hazionyeshi mtu akikaa mbele yako hana namna ya kujitetea, utamfanya nini. Hilo hawawezi kulisoma kwenye cheti, wanalitafuta usoni kwako na kwenye majibu yako, na akijibu mtu mwingine kwa niaba yako hawatalipata.

Sasa mimi baba yako, na akili zangu zote, nimekuandikia jibu kwenye karatasi. Ari ya kuihudumia jamii na taifa kwa ujumla. Ni Zefania yuleyule, nimemvalisha maneno mazuri tu. Karatasi hiyo ichane. Au mpe mama yako awashie moto.

Jibu lako unalo, nililisikia kwa masikio yangu. Ulikuwa mwaka jana, mahindi yamekomaa. Alikuja yule binti jirani, Naetwe, na mtoto wake mchanga, analia mama na mtoto wote. Mama mkwe wake alikuwa amemwambia mtoto ni kigego. Meno ya juu yametoka kwanza, ya chini bado, na mtoto wa hivyo huleta mkosi kwenye ukoo. Siku hizi hakuna anayelisema hadharani. Wanalisema jikoni, na linaumiza vilevile. Zamani za mababu mtoto kigego hakukaa nyumbani. Zaidi ya hapo siandiki.

Mimi nilikuwa nje ya dirisha na jembe, nikasimama. Wewe ulinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, nikasikia maji. Ukamchukua mtoto, ukawasha tochi ya simu, ukaingiza kidole. Kisha ukasema, "Dada Naetwe, hongera. Ana mawili mazuri juu. Na ya chini haya hapa, lete kidole chako, unayasikia? Yako njiani. Ya juu yalikuwa na haraka tu, basi." Naetwe akagusa, akaanza kucheka na machozi yake. Ukamwambia, "Akikusumbua mama mkwe mwambie aje, nitamwonyesha na yeye." Akaondoka na mtoto mgongoni, anaimba.

Nilikwenda kwa mbuzi nikakaa huko mpaka ukaja kuniita kula. Ulidhani naumwa. Nilikuwa naona haya, mwanangu. Wewe hukujua ulichokuwa umekifanya. Ulikuwa umemwambia Naetwe maneno ambayo mimi nilipaswa kumwambia mtu mwingine, miaka kumi na tisa kabla ya siku ile.

Namkunda, wewe ulikuwa kigego.

Ulikuwa na miezi minane. Mama yako ndiye aliyeyaona kwanza, mawili, juu, meupe kama punje za mahindi mabichi, na chini fizi tupu. Hakulia. Alinionyesha tu, akasema, "Baba Namkunda, tazama." Na mimi niliyesoma, niliyekaribia kuwa mtabibu wa meno, niliyekuwa na majibu kwa kila mtu, nilifunga mlango. Ndiyo kitu cha kwanza nilichokifanya. Nilifunga mlango na kuvuta pazia.

Tukakuficha wiki nne. Mgeni akija, mama yako anakunyonyesha. Huna njaa, unanyonyeshwa. Ulinenepa wiki zile mpaka watu wakatusifu. Lakini ubatizo ulikuwa umeshapangwa, na ukiahirisha ubatizo Suji lazima utoe sababu, na sababu itataka maelezo. Tukaenda. Nilikuwa nimekuandaa na leso nzito, nikisema una mafua.

Ulikuwa mwezi wa saba, unajua maji ya huku mwezi wa saba yalivyo. Mchungaji akakumwagia kichwani. Ulilia, Namkunda, ulilia na mdomo mzima, leso ikaruka, na safu tatu za mbele zikaona meno mawili ya juu na chini hakuna kitu. Kwaya ikanyamaza katikati ya wimbo. Nakumbuka sauti moja ya besi iliyochelewa kunyamaza, ikaendelea peke yake kidogo, nayo ikaona aibu ikaacha.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamtazama mama yangu, maana yeye ndiye niliyekuwa namwogopa kuliko wote. Bibi yako wakati ule alikuwa mkali wa mila, mtu asiyeruhusu hata ufagio kulala vibaya. Tulikuwa tumemficha hata yeye, maana alikuwa bado hajahamia kwetu. Akanyanyuka pale kwenye benchi la akina mama, akarekebisha khanga, akasema kwa sauti ya barazani:

"Ya chini yalitoka kwanza. Nimeyaona kwa macho yangu. Yamerudi ndani kwa sababu ya baridi."

Akakaa.

Meno yamerudi ndani! Mchungaji akamtazama, akatutazama, midomo yake inacheza. Akasema, "Tuendelee." Na Suji nzima ikaendelea. Hakuna aliyethubutu, kwa sababu ukimpinga shahidi wa umri ule ni lazima ulete wa kwako aliyemzidi, na wote waliomzidi wako makaburini. Njiani kurudi nilianza kumshukuru, akanikata. "Nimesema uongo kanisani," akasema. "Hilo nitaelewana na Mungu mwenyewe. Ninyi mleeni mtoto."

Yeye alifunga shauri siku ile. Mimi ndiye niliyeliacha wazi. Ulipofika mwaka mmoja na nusu ulikuwa na meno ya kutosha, juu na chini, na hakuna binadamu ambaye angeweza kujua yapi yalitangulia. Bado nikiona mgeni anaingia uani nakwambia, "Funika mdomo." Ukiwa na miaka miwili, funika. Ukiwa na mitatu nikawa sihitaji tena kusema, mgeni anabisha hodi na mkono wako unapanda wenyewe. Watu wakasema una adabu, nikafurahi. Hayo ndiyo makosa yangu, na wale madaktari wakiniita tena leo waniulize, nitayataja bila kumtazama shahidi yeyote.

Mkono ule si heshima ya Kipare. Ni woga wangu, nimekubebesha wewe miaka yote hii. Nisamehe, mwanangu. Meno yako ni mazuri. Nimeyaona mara chache mno kwa mtu anayekaa nawe nyumba moja.

Alhamisi wakikuuliza kwa nini meno, ukitaka waambie habari ya mtoto wa Naetwe. Ukitaka waambie na hii ya kwako. Usipotaka, nyamaza nayo, hawana haki ya kila kitu. Wakikuuliza kosa, taja kosa la kweli, dogo au kubwa, usijitetee kama uko kizimbani. Ukiwa hujui jambo, sema hujui. Na sabuni ikikatika katikati, omba nyingine. Yatakayotoka yatakuwa yako, hayo mimi siwezi kukuandikia.

Sasa lazima nikueleze na kilichotokea leo mchana ulipokuwa mtoni, usije ukashangaa kesho. Babu Zefania amekuja na koti limepigwa pasi. Nikamuuliza, baba mdogo, safari ya wapi? Akasema, "Si tunampeleka mtoto kwenye usaili? Atakwendaje bila shahidi?" Ameshamwambia na jirani mmoja, kwa sababu, anasema, shahidi wa ukoo peke yake hatoshi. Nikamkumbusha maharage. Akasema yale maharage yalikuwa nje ya mpaka.

Kabla sijamaliza naye, bibi yako akatoka chumbani na mkoba wake. Yeye anasema ndiye aliyeyaona meno, hakuna usaili wa meno wa mjukuu wake utakaofanyika bila yeye. Nikamwambia, mama, mara hii mtoto atasema ukweli. Akafikiri. Akaniuliza kama najua amebakiwa na meno mangapi. Nikasema sijui. Akafungua mdomo akanionyesha, mawili, yote ya juu, chini hakuna kitu.

"Kigego ni mimi sasa," akasema. "Mwambie Namkunda nimefika umri huu na mkosi wenyewe sijauona. Akishasoma aje anitengenezee ya chini." Akarudisha mkoba chumbani.

Zefania ilibidi nimtolee uamuzi rasmi. Nimetamka kwamba mwombaji ataingia peke yake, mashahidi wote wameachiwa huru, shauri limefungwa. Amenuna. Amesema atakata rufaa kwa mama yako. Ukimwona kesho alfajiri ndani ya gari na koti lake, jua amekuja kukuaga Same tu, hapandi basi. Nitamshika mkono mimi mwenyewe.

Mama yako ananiita kula, na naona sweta limeshinda, liko ndani ya sanduku. Barua hii nitaiweka juu yake. Utaisoma leo au utaisoma njiani, sijui. Lakini kama utakuwa umeshaisoma tukifika stendi ya Same, nina ombi moja. Ukishakaa kwenye kiti chako na basi likaanza kutoka, utatuona tumesimama pale kwenye vumbi, mimi na mama yako na bibi yako na mzee aliyenuna. Utataka kulia, na wewe ukilia unacheka, na mkono wa kulia utaanza kupanda. Uache upande. Ukifika usawa wa mdomo usiusimamishe, upitishe juu, utoe dirishani, utupungie nao mpaka basi lipotee. Nitakuwa natazama meno, kuanzia ya juu.

Baba yako